Waje Masika Hii Hii

Kikao cha kuchagua msimu kiliitishwa sebuleni kwangu, siku ambayo sebule haikuwa na pa kukaa. Mvua ilikuwa haijakatika tangu juzi, na kazi yangu mimi ni kufua shuka za nyumba ya wageni iliyo mwisho wa barabara yetu. Kiangazi shuka hukauka uani, na anayepita nje haoni kitu zaidi ya weupe unaopepea. Masika hukauka ndani. Kamba zinatoka msumari wa dirishani mpaka msumari wa mlangoni, zinaingia korido, zinazunguka chumba changu, na anayetaka kwenda jikoni lazima ainame kama mtu aliyeangusha sindano. Katikati naweka jiko la mkaa, mkaa ulioiva mpaka ukaisha moshi na kuvaa majivu, dirisha nimelifungua kidogo. Ukizidisha moto, shuka inanuka moshi. Ukipunguza, inanuka uvundo. Na mpangaji wa watu hataki kulalia lolote kati ya hayo.

Basi mwanangu wa kwanza akakaa kwenye kiti, shuka moja ikamfunika uso, akaipandisha juu ya kichwa kama kilemba, akakohoa. Huyu tunamwita Mwenyekiti. Hakuna aliyempigia kura. Hata tukiwa mezani tunakula uji, atauliza nani ana hoja.

"Ajenda ni moja tu," alisema. "Dada yangu na mtoto wake. Waje lini?"

"Waje masika hii hii," nikasema. "Kikao kimefungwa."

Mkewe akacheka jikoni. Mwenyekiti hakucheka.

Niwaeleze. Kitindamimba wangu, ambaye mpaka leo namwita Kitinda ingawa ni mama wa mtu, aliolewa nchi ya baridi, akazaa huko mtoto wa kike. Mjukuu wangu huyo sijawahi kumshika hata mkono. Sura yake naijua kwenye simu. Sauti yake naijua. Jino lake la mbele lilivyong'oka nilionyeshwa, na lilivyoota nikaonyeshwa. Lakini kumpakata, kumkemea asichezee maji, kumwambia njoo hapa nikufunge kamba za viatu, hapana. Kila mwaka likizo yao inaangukia kwenye masika yetu, na kila mwaka Mwenyekiti anasema wasubiri kiangazi. Kiangazi kikifika, mtoto yuko darasani. Ndivyo miaka ilivyokwenda. Safari hii Kitinda aliniambia waziwazi: mume wake anahamishiwa kazi mbali zaidi, na wasipokuja likizo hii, hajui tena ni lini. Tiketi zikatwe wiki hiyo, au basi.

Mwenyekiti akatoa simu yake, akaisogeza mbali na macho, akaanza kusoma kwa sauti ya mtangazaji.

"Msimu bora wa kutembelea nchi ya joto ni kiangazi. Barabara ni kavu. Mbu ni wachache. Majani ni mafupi, na wanyama hukusanyika kwenye madimbwi yaliyobaki, hivyo huonekana kwa urahisi."

"Wanyama gani?"

"Tembo, Mama. Twiga."

"Anakuja kuniona mimi, au anakuja kumwona twiga?"

"Mimi nasoma tu kilichoandikwa na wataalamu."

"Basi na wewe waandikie. Waambie kuna bibi mmoja hasubiriwi kwenye dimbwi. Kiangazi yupo, masika yupo. Ukimtaka utamkuta ameinama kwenye karai."

Mkamwana wangu akacheka tena, safari hii akaangusha mwiko.

"Mama, usinifanyie mzaha mbele ya mke wangu. Barabara ni matope matupu. Umeme unakatika kila radi ikipiga. Paa linavuja pale. Halafu hizi!" Akaikamata ile shuka iliyokuwa kichwani mwake. "Mtoto amezoea kulala chumba chake mwenyewe, aje apite chini ya shuka za wapangaji? Watasemaje huko kwao?"

"Watasema bibi yake anafanya kazi."

"Tuwe wakweli. Nyumba hii masika haitazamiki."

Hapo aliniuma. Nilikuwa nageuza shuka zilizo karibu na jiko, nikaziacha.

"Nyumba hii masika ndiyo iliyokulea," nikamwambia. "Uliumwa surua humu humu, shuka zikining'inia juu yako, na ukalia nilipoziondoa. Haitazamiki kwa nani? Wewe ulipokuwa huna meno uliitazama vizuri tu."

Akanyamaza. Nikadhani nimeshinda. Nilikuwa nimesahau kwamba Mwenyekiti akinyamaza ndipo anapoanza kazi.

Jumapili simu ikalia kama kawaida. Jumapili ni siku ya mimi na mjukuu wangu, na huyo nimempa jina la Maswali, maana hajawahi kumaliza sentensi bila kuuliza. Tunategeana vitendawili. Sheria yetu ni ile ile niliyokua nayo: ukishindwa, unampa mwenzako mji. Anaweza kuukataa, ukampa mwingine. Akiukubali, ndipo anakutajia jibu. Mjukuu wangu ameshanipa miji mingi sana ya kwao, na mimi nikaipokea yote, hata ile nisiyoweza kuitamka. Namiliki nusu ya nchi ile na sijaikanyaga.

"Kitendawili!" nikaanza.

"Tega!"

"Watoto wangu wakilowa wanasimama, wakikauka wanalala."

"Shuka!" akapiga kelele. "Rahisi! Mama ameniambia unazianika ndani. Zamu yangu. Kitendawili!"

"Tega."

"Anaanguka kutoka juu kabisa, lakini haumii, halii, na hatumsikii."

Nikafikiri. "Jani."

"Si jani."

"Unyoya."

"Hapana, Bibi."

"Paka. Paka akianguka haumii."

"Paka analia! Unashindwa?"

Nikasema nimeshindwa. Nikampa mji mmoja mkubwa, akaukataa. Nikampa wenye uwanja wa ndege, akaukataa. Nikampa wenye mlima.

"Sitaki huo. Nataka wako."

"Wangu upi?"

"Huo unaokaa wewe."

"Haya," nikasema, "chukua. Chukua mji wangu huu, na barabara zake, na nyumba ya wageni, na matope yake, na mvua yote inayonyesha hapa sasa hivi. Ni wako."

"Nimekubali! Jibu ni theluji. Bibi, mji ukishakuwa wangu, naweza kuja kuuona?"

"Mwenye mji haombi ruhusa."

Kitinda akachukua simu, anacheka. "Mama, unamfundisha nini mtoto? Mvua huko ni kubwa?"

"Ni mvua. Njooni."

"Basi Alhamisi tunakata tiketi. Nilikuwa nasubiri useme wewe."

Nilipokata simu nikawa naimba. Kwenye korido, chini ya shuka zilizoning'inia, niliona miguu miwili imesimama. Ilikuwa miguu ya Mwenyekiti. Nikaiambia ile miguu, "Umesikia? Wanakuja." Miguu ikageuka ikaenda chumbani.

Jumatano asubuhi nilikuwa natia bluu ya kung'arishia shuka kwenye maji ya kusuuzia, Kitinda akapiga. Jumatano si siku yake.

"Mama! Uko wapi sasa?"

"Nyumbani. Nitakuwa wapi?"

"Ndani? Maji yametoka?"

"Maji gani?"

Akashusha pumzi, ile pumzi ya mtu anayeongea na mgonjwa. "Mama, Kaka ametuandikia. Maji yameingia mpaka sebuleni, vitu mmepandisha juu ya vitanda, barabara ya kuja kwenu imekatika. Pole sana. Mume wangu amesema tuahirishe, na mimi nimeona kweli, tutawaongezea mzigo."

"Kitinda. Hakuna maji sebuleni."

"Kaka alisema utasema hivyo."

"Nini?"

"Alisema tusikuulize, maana utasema hakuna kitu, hutaki kututisha. Na ni kweli, Mama, ndivyo ulivyo. Siku ile ulivunjika mkono ukasema umeteguka."

Nikabaki na simu sikioni. Kijana huyu nimemzaa mwenyewe, nikamsomesha mpaka akajua kupanga maneno, na sasa amenifunga mdomo kwa maneno yenyewe. Nikisema kweli, ndiyo kwanza sitaaminiwa. Hata kwenye hasira nikaona kwamba kazi ile ilikuwa safi.

Mara nikasikia simu inanyang'anywa.

"Bibi, unalala na karai kitandani?"

"Hapana, mjukuu wangu."

"Mjomba amesema mji wangu umezama. Amesema nisubiri kiangazi. Lakini wewe ulinipa na mvua yake. Ulisema na mvua yote."

"Ndivyo nilivyosema."

"Sasa mbona siruhusiwi kuingia?"

Mtoto huyu ameniuliza mengi. Kwa nini mwezi unatufuata, kwa nini Bibi naye hana bibi. Sijawahi kukosa la kumwambia, hata la kubuni. Hapo sikutaka kubuni. Nikamwambia, "Subiri. Mwambie mama yako asiondoke karibu na simu," nikaikata.

Mwenyekiti nilimkuta chumbani kwake amekaa ukingoni mwa kitanda, anasafisha brashi zilizokwisha kuwa safi. Yeye ni fundi rangi. Kiangazi chote humwoni, yuko juu ya ngazi kwenye ukuta wa mtu. Nikasimama mlangoni na mikono inanitiririka maji ya bluu.

"Naomba unionyeshe maji yaliyoingia sebuleni," nikasema. "Nimeyatafuta sijayaona. Labda yamejificha chini ya kochi."

Hakuniangalia. "Mama, mimi nilitaka waje wakati mzuri."

"Mzuri kwa nani?"

"Kwa wote."

"Mimi nimo kwenye hao wote? Maana sikuulizwa. Uliwaambia wasiniulize. Umeniweka kwenye fungu la wagonjwa na watoto wadogo, watu wa kuitikiwa tu."

Akaweka brashi chini. Nilidhani atapandisha sauti, ndiyo desturi yake, lakini akaishusha.

"Unaijua kazi yangu, Mama. Mvua ikinyesha rangi haikauki. Kiangazi dada yangu angenikuta natoka asubuhi na ngazi begani, jioni narudi na kitu mkononi. Nyumba nimeipaka upya, mlango nimeutia mafuta. Sasa hivi? Ataamka, nimekaa. Ataenda kutembea, atarudi, nimekaa. Mume wake atapiga simu aseme, shemeji, siku hizi unafanya nini? Nimjibu nini? Nachambua nywele za brashi?"

Mkewe alikuwa amesimama nyuma yangu. Alinigusa mgongo kidogo, kama kusema, Mama, taratibu.

Nikamhurumia. Niwaambie ukweli, nilimhurumia mpaka nikataka kukaa pembeni yake. Ni mwanangu, na mwanamume mzima kusema hivyo mbele ya mkewe si kazi ndogo. Lakini huruma ile haikunibadilisha nia hata punje.

"Sikiliza," nikamwambia. "Aibu hiyo ni yako, na wala sioni kama ni aibu, lakini kama umeamua kuibeba, ibebe mwenyewe. Usiibebeshe nyumba yangu. Nyumba yangu haijazama. Na mji ule nimeshautoa, nimeutoa na mvua yake, mtoto ameupokea. Haurudi."

"Mama, ule ni mchezo wa watoto."

"Na ulichoandika wewe ni kitu cha watu wazima?"

Akaiokota brashi, akaiweka tena.

"Wewe unaogopa dada yako akuone umekaa," nikasema. "Mimi naogopa mjukuu wangu asinione kabisa. Tupime hofu hizo mbili, kisha uniambie ipi ikae mbele."

Sikungoja apime. Nikamwambia mkamwana wangu alete simu yake, ile yenye kioo kikubwa isiyokwama kwenye picha, ampigie Kitinda, ageuze kamera itazame nje.

"Unakwenda wapi?" Mwenyekiti akauliza.

"Kuonyesha nchi. Si mnatafuta msimu bora? Nakwenda kuutembeza."

"Mvua hiyo, Mama, utalowa."

"Nimefua shuka tangu wewe hujazaliwa. Nimelowa zamani."

Tulianzia sebuleni. Kitinda alitokea kwenye kioo, nyuma yake mume wake, katikati kichwa cha Maswali. Mkamwana akashusha simu mpaka sakafuni. Nikavua ndala, nikapiga mguu chini, pa, pa, vumbi la majivu likaruka.

"Hii ni sebule. Mnaona maji?"

"Sioni," Kitinda akasema polepole.

"Hapa panavuja. Sifichi. Sufuria ile inakinga, ikijaa tunamwaga. Hizi ni shuka za watu, nyingi, na mkija zitakuwa nyingi zaidi, maana wapangaji masika hawatoki, wanalala tu. Kitanda changu hiki hapa. Nyanyua godoro, mwanangu, waone kama kuna sahani juu au chini."

Maswali akacheka. Tukatoka nje. Mvua ilinipiga kichwani kama mtu aliyenisubiri. Mkamwana alikuwa na mwavuli, lakini aliifunika simu nao, mimi akaniacha, na alifanya vizuri. Barabara yetu ilikuwa matope, kweli. Matope mekundu mpaka kwenye vifundo. Lori la soda likapita taratibu linanesa kama mjamzito, likaturushia kidogo. Fundi cherehani wa jirani alikuwa barazani kwake na mguu kwenye cherehani.

"Bibi!" akaita. "Leo unauza mvua?"

"Natoa bure! Una chombo?"

"Nina watoto, chukua hao!"

Mkamwana akageuza simu akamwonyesha na yeye. Kisha nikasimama katikati ya barabara, nguo imenishika mwilini, nikamwita mkwe wangu, mume wa Kitinda. Yeye Kiswahili alijifunza kwa kitabu, kwa hiyo huongea kama mtu anayevuka mto kwenye mawe.

"Mama, naona hali ni mbaya."

"Hali ni ya masika. Lile lori limepita, au halikupita?"

"Limepita."

"Basi barabara haijakatika. Mkwe wangu, sitakudanganya. Matope yapo. Mbu wapo. Umeme tunaomba Mungu. Mvua ikipiga kwenye bati hamtasikizana, mtaongea kwa mikono. Twiga hakuna hata mmoja. Ila mimi nipo."

"Lakini wote wanasema msimu bora..."

"Bora kwa kutazama wanyama. Nikuulize. Mama yako yupo?"

"Yupo. Anakaa mlimani."

"Kumwona mnakwenda msimu gani?"

Akasita. "Sikukuu. Wakati wa theluji."

"Njia inakuwa nzuri?"

Kitinda akaanza kucheka, akaziba mdomo. Mkwe wangu naye akatazama chini. "Hapana, Mama. Gari inakwama. Kila mwaka inakwama."

"Ikikwama mnaahirisha mama?"

"Hapana. Tunasukuma."

"Basi na huku njooni msukume."

Nilikuwa natetemeka, baridi ilikuwa imeanza kuniingia, lakini sikusogea chini ya mwavuli. Nilijua nikisogea tu, wataona bibi kizee anayehitaji kulindwa na mvua, na neno la Mwenyekiti litakuwa kweli.

"Mimi kazi hainiachii," mkwe wangu akasema mwishowe. "Lakini hawa wawili nawatuma. Wakasukume. Tiketi nakata leo."

Maswali alipiga yowe mpaka simu ikakwaruza. Kitinda alikuwa anafuta macho.

"Mama, ingia ndani, tafadhali. Na Kaka je? Aliandika vile kwa nini?"

Nikageuka. Mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba, ametoka kabisa, hakujificha nyuma ya shuka. Alikuwa ananitazama, na alikuwa anasikia.

"Kaka yako aliona dimbwi akaliita ziwa," nikasema. "Mengine mtaongea wenyewe."

Mwenyekiti hakunisemesha siku ile. Kesho yake aliniambia kwamba dada yake akifika, yeye atakwenda kukaa kwa rafiki yake mpaka wageni waondoke. Nikamwambia mlango haujafungwa, aende, lakini akienda aseme mwenyewe anakwenda wapi na kwa nini, mimi siwezi kumsemea. Akapanga nguo kwenye mfuko. Mfuko ukakaa nyuma ya mlango siku zote hizo, mkewe anauruka akipita, hausogezi, hausemi neno.

Siku yenyewe nilikuwa nimekusudia nisimame mlangoni nimevaa gauni lililopigwa pasi. Haikuwa. Nyumba ya wageni ilileta furushi asubuhi, na mvua iliyokuja mchana sijapata kuiona kwa ukaidi wake. Bati lilikuwa linanguruma. Nilikuwa chumbani mwisho kabisa wa kamba, mikono ina sabuni mpaka kwenye viwiko, na sikusikia teksi, wala mlango, wala mtu kupiga hodi.

Nilisikia kitu kimoja tu, chembamba, katikati ya kelele zile: "Bibi!"

"Huku!" nikaita.

"Wapi?"

"Huku!"

Mvua ilikuwa inaimeza sauti na kuirusha kona nyingine. Yeye akaenda sebuleni, mimi nikatoka korido. Mimi nikaingia sebuleni, yeye akaenda jikoni. Nikawa nanyanyua shuka, nyingine inanishukia, nazisukuma kwa mikono ya sabuni, nyeupe, nyeupe, nyeupe, huku ninaita kama kichaa. Kisha shuka moja mbele yangu ikavimba katikati, ikanijia mbio, ikanigonga tumboni. Nikaikumbatia hivyo hivyo na aliyekuwa ndani yake.

Alipotoa kichwa alikuwa amelowa, ana matope shavuni, na pumzi yake ya moto ikanipiga shingoni. Alikuwa mzito. Hilo hakuna simu iliyowahi kuniambia, kwamba ni mzito namna hii. Nilikaa chini sakafuni naye, sikuweza kingine.

Kitinda alikuwa sebuleni, begi begani, analia na kucheka. Teksi ilikuwa imekataa kuingia barabara yetu, wametembea kutoka kwenye lami. Na hapo ndipo nikamwona Mwenyekiti. Alikuwa amesimama kati ya dada yake na mlango, ule mfuko wake mkononi. Alikuwa amechelewa kutoka, au hakutaka kuwahi, sijamuuliza mpaka leo.

"Kaka," Kitinda akasema kwa sauti kubwa ili asikike, "leo hukwenda kazini?"

Mkamwana wangu pale jikoni aliacha kukoroga, nilimwona.

Mwenyekiti alinyoosha mgongo, kama anafungua kikao.

"Masika rangi haikauki," alisema, naye kwa sauti kubwa. "Sina kazi mpaka kiangazi. Nakaa tu."

"Mimi nilidhani umechukua likizo kwa ajili yetu."

"Hapana. Nimekosa kazi."

Kitinda akamtazama kaka yake kidogo. Kisha akateremsha begi. "Haya, basi lishike hili. Limenikata bega, na lina zawadi zako."

Mwenyekiti hakuwa na mkono wa kulishikia, ikabidi auweke chini mfuko wake. Mkewe alipita, akauokota, akaenda nao chumbani, na hakuuruka.

Maswali alikuwa bado mapajani kwangu. Akamnyooshea mjomba wake kidole.

"Wewe ndiye uliyesema mji wangu umezama?"

"Ndiye mimi," Mwenyekiti akasema.

"Haujazama."

"Naona."

"Usiseme tena."

"Sisemi tena," akajibu, na naapa uso wake ulikuwa unataka kucheka.

Nikamwinua mtoto. Shuka moja karibu na jiko ilikuwa imekauka, na watu wa nyumba ya wageni walikuwa wanasubiri za jioni. Nikampa pembe mbili, nikashika mbili mimi, nikamwonyesha: nyoosha, vuta, kunja, njoo mpaka kwangu. Akavuta kwa nguvu zake zote, akanitoa kwenye ndala. Pembe zikamtoka, shuka ikaanguka sakafuni palipokuwa na matope ya viatu vyao, akaikanyaga akikimbilia kuiokota.

"Mama, shuka ya watu hiyo!" Mwenyekiti akasema.

"Niache na mjukuu wangu," nikamwambia. "Nitaifua tena. Hapa hatuna shida ya maji."

Nikaikunguta, nikampa mtoto pembe zake mbili. "Shika vizuri," nikasema. "Na usinionee huruma. Vuta."